Fedha za Msaada Hazijipangi Zenyewe

Imani iliyoenea siku hizi, miongoni mwa wafadhili na hata wananchi wa kawaida waliozoea kutumiana fedha kwa simu, ni kwamba msaada wa fedha ndio mwepesi kuliko misaada yote, kwa kuwa hauhitaji ghala, lori wala vikao: aliyepigwa na kimbunga hutumiwa fedha zake, akajinunulia anachokihitaji. Kwamba ajinunulie mwenyewe ni jambo la kutetewa kwa nguvu zote, kwani anayejua upungufu wa nyumba ni mwenye nyumba. Kwamba fedha hizo hazihitaji uratibu ni kosa, na visiwani ni kosa linaloumiza watu.

Fiji inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Kimbunga Winston kilipoipiga nchi hiyo tarehe 20 Februari 2016 na kuua watu 44, serikali ilitoa nyongeza ya mkupuo kwa watu waliokuwa tayari wakipokea ruzuku za ustawi wa jamii: kaya maskini zilipata dola 600 za Fiji, na wazee wa pensheni ya jamii dola 300. Fedha zilipita katika njia ileile ya malipo ya kawaida, bila mtu kusimama foleni ya kuandikishwa upya. Wanaousifu mpango huo kwa wepesi wake husahau kwamba wepesi huo ulitokana na orodha iliyoandaliwa kwa miaka mingi kabla ya upepo kuvuma, na kwamba aliyekuwa maskini bila kuwamo katika orodha hiyo hakupata chochote katika awamu hiyo.

Mwezi wa Aprili ukafuata mpango wa kujenga upya nyumba, ambapo kaya zilipewa kadi zenye dola 1,500, 3,000 au 7,000, kulingana na ukubwa wa uharibifu, za kununulia vifaa vya ujenzi katika maduka yaliyoteuliwa. Kadi zilifika mikononi mwa watu, ila mabati na mbao vikaadimika madukani, kwa sababu maelfu ya wanunuzi walikuwa wameingia sokoni kwa wakati mmoja huku wauzaji wakiwa na akiba ya siku za kawaida. Kwa mkazi wa kisiwa cha mbali kama Koro, ambacho kimbunga kilikiharibu vibaya, hata vifaa vilipopatikana vilikuwa bado vinangoja meli. Kadi yenye dola 7,000 haiezeki paa, na hakuna kosa la mwenye kadi katika hilo: ni kazi ya uratibu ambayo haikufanywa mapema na waagizaji, wenye meli na hazina.

Uratibu unaozungumziwa hapa una kazi mahususi. Kwanza ni kukubaliana kuhusu kapu la mahitaji ya lazima, yaani orodha ya vitu ambavyo kaya haiwezi kuishi mwezi mzima bila kuvipata, pamoja na bei zake katika kisiwa husika, ili mashirika mawili yasigawe viwango viwili tofauti katika kijiji kimoja na kuwagombanisha majirani. Kisha kuna wakala wa fedha za simu, ambaye mnara wa simu ukianguka hana mtandao, na mnara ukisimama huenda hana noti za kuwapa watu. Ni lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha noti hizo zinavuka bahari.

Wapo wanaodai kwamba vikao huchelewesha msaada. Vanuatu inawajibu. Kimbunga Harold kilipoipiga mwezi Aprili 2020, mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na wataalamu wa kigeni hawakuweza kumiminika kama ilivyo desturi. Hata hivyo, shirika la misaada la Oxfam na washirika wake wa nchini walikuwa tayari na mfumo waliouanza kwa majaribio mwaka 2019, ambapo mwenye kaya alipewa kadi na mwenye duka akaisoma kwa simu yake. Makubaliano na wenye maduka ndiyo kazi ngumu zaidi katika mfumo wa namna hiyo, na hayafanyiki huku mapaa yakiwa chini.

Msimu wa vimbunga katika Pasifiki ya Kusini huanza Novemba. Mfadhili anayetaka kusifiwa kwa fedha za haraka mwezi Machi alipaswa kugharimia orodha za kaya, akiba ya mabati na mikataba ya meli kufikia Oktoba, na kuiachia serikali ya visiwa kiti cha mwenyekiti katika meza ya uratibu.