Mateso Si Malezi

Wako watu wengi huku Kaoze, na juu Ufipa kadhalika, ambao wakionywa kwa kumtesa mtoto hujibu upesi: "Hata sisi tulipigwa, na tazama, tumekuwa watu." Neno hili lina sura ya hekima, lakini ndani ni bovu, nasi twataka kulipinga. Mtu aliyevuka mto wenye mamba hasemi kwamba mamba ndio waliomvusha.

Na tumtazame Adrian Atiman, ambaye hospitali moja mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Alipokuwa mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa katika nchi iitwayo leo Mali, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, hata akajifunza utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa katekista na tabibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 aliwahudumia watu wasio wa kabila lake.

Je, tuseme kamba ya mfanya biashara ndiyo iliyomfanya kuwa tabibu? Hasha! Kamba ilimnyang'anya wazazi na kwao. Kilichomwinua ni imani aliyoishika, pamoja na mikono ya watu waliomfungua, wakamlisha, wakampa kitabu. Tena watoto wangapi walifungwa kamba kama ile wakafa njiani, hata majina yao hatuyajui? Amhesabuye mmoja aliyepona, sharti awahesabu na hao.

Wengine humwambia mtoto: "Vumilia, Mungu yupo." Naam, yupo, nasi twajua watoto ambao sala ya usiku iliwazuia wasikate tamaa. Lakini tumaini ni chakula cha mtoto, si pazia la kumfichia mpigaji. Mtu amhubiriaye mtoto subira, kisha jioni akaketi na baba yake asimwonye, amefundisha nusu ya dini. Mtume Paulo, alipowaagiza watoto kutii, hakuwaacha akina baba bila onyo.

Wala jambo hili si la nyumba mbili tatu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wanawake kwa wanaume, walikuwa wametendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mtoto, inayokataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili. Kwa hiyo asemaye kwamba haya ni mambo ya nyumbani kwake, ajue kwamba hata serikali haikubali neno hilo.

Basi, ndugu wasomaji, jirani asikiaye kilio usiku na apige hodi. Mwalimu aonaye makovu na amwulize mtoto kwa upole, faraghani, kisha apeleke habari kwa afisa wa ustawi wa jamii, au apige simu namba 116, iliyowekwa kwa ajili ya watoto. Kumwombea mtoto ni vema sana. Lakini mtoto anayetuangalia tukipiga magoti, na kesho yake akarudi kwenye fimbo ile ile hali twajua, atajifunza nini juu ya Mungu wetu?