Ni Saa ya Wapi?

Kati ya Kinshasa na Lubumbashi pana umbali wa kilomita zipatazo 1,550 kwa njia ya anga. Ndege ya jeti huumaliza umbali huo kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Asiye na ndege hupanda meli ya mtoni hadi Ilebo, kisha hushika reli iliyofika huko mwaka 1928, na safari yake huhesabiwa kwa siku nyingi, wala si kwa saa. Hayo askari na polisi wetu wanayafahamu. Lakini liko jambo moja linalosahauliwa upesi, nalo laweza kuharibu kazi nzima: miji hiyo haifuati saa moja.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Lubumbashi iko mashariki ya Kinshasa kwa nyuzi 12 hivi. Kwa hiyo jua huitangulia, na saa yake iko mbele kwa saa moja. Tuchukue mfano kwa hesabu ya saa 24. Ndege iondokayo Kinshasa saa 08.00 hutua Lubumbashi saa 11.30, ingawa imekaa angani saa mbili na nusu tu. Ikianza kurudi saa 14.00, hutua Kinshasa saa 15.30, kana kwamba imeruka kwa saa moja na nusu.

Basi amri isemayo "ndege itatua saa 10.30", bila kutaja ni saa ya wapi, ni amri pungufu. Polisi wa ulinzi watafika uwanjani ndege ikiwa imekwisha kutua, au majeruhi watalazwa juani saa nzima wakiingoja. Na taarifa ya namna hiyo ikifikishwa mahakamani, wakili hodari ataibomoa.

Tena, aelekeaye mashariki hupunguza mchana wake. Tarehe 19 Mei 1978 askari wa miavuli wa Ufaransa waliondoka Kinshasa kwa ndege, wakarukia Kolwezi alasiri. Matayarisho yalikuwa yamechukua muda mrefu. Giza likaingia kabla ya kundi la pili kuruka, likalazimika kungoja hadi asubuhi ya tarehe 20. Waliotangulia walilala mjini bila wenzao.

Kwa hiyo twawahimiza makamanda, waandishi wa zamu na wapokeaji wa simu za upepo: kila saa iandikwe pamoja na jina la mji wake. Mpokeaji airudie kwa sauti kabla ya kuitia sahihi. Neno hilo moja halina gharama, lakini askari aliye peke yake mwisho wa safari hulitegemea kwa maisha yake.