Ukuta wa Moto Ukisimama, Nani Apite?

Leo nalalamikia faili moja tu, ambalo kwenye seva nyingi ninazoitwa kurekebisha hapa Kisumu nalikuta tupu. Kwa wanaotumia Shorewall, jina lake ni stoppedrules, na linakaa ndani ya /etc/shorewall. Zamani mahali pake palikuwa na routestopped. Kazi yake ni kusema nani anaruhusiwa kupita wakati ukuta wa moto umesimamishwa.

Najua utaniuliza: si ukiusimamisha kila kitu kinapita? Hapana, ndugu yangu. Katika Shorewall, amri ya clear ndiyo inayofungua kila kitu. Amri ya stop hufunga, isipokuwa kwa waliotajwa katika faili hilo. Jambo la kuchanganya ni kwamba skripti ya zamani ya Debian, ukiiambia stop, ilikuwa inaita clear, mpaka uandike SAFESTOP=1 katika /etc/default/shorewall. Neno moja, maana mbili zinazopingana. Ufw nayo ukiizima inaacha lango wazi, na firewalld ni hivyo hivyo. Askari wa lango akienda kula, kuna anayeliacha wazi na kuna anayelifunga kisha anaondoka na ufunguo.

Na msidhani hali hii huja mtu akiandika stop tu. Kuna kliniki moja visiwani, upande wa Mfangano, ambayo seva yake ya faili za wagonjwa na ukuta wa moto ni sanduku moja, lenye modemu ya 4G. Fundi waliyemwajiri kabla yangu aliongeza kanuni yenye jina la tovuti badala ya anwani ya IP. Siku hiyo ilifanya kazi vizuri. Baadaye stima ikapotea. Iliporudi, sanduku liliwaka kabla modemu haijapata mtandao, jina halikuweza kutafsiriwa kuwa anwani, kanuni zikakataa kupakiwa, na Shorewall ikafanya ilivyoandikiwa: ikaingia katika hali ya stop. Faili la stoppedrules lilikuwa tupu. Hakuna aliyegusa kitu, na bado wauguzi, waliokaa mita chache kutoka kwenye seva, hawakuweza kufungua faili la mgonjwa hata mmoja kwenye tableti zao.

Kwa nini sikuingia kutoka mjini? Kwa sababu modemu za 4G kwa kawaida hukaa nyuma ya anwani inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, huwezi kuipigia kutoka nje. Sanduku lenyewe ndilo linalotoka kunitafuta kupitia handaki la WireGuard. Lakini fundi alikuwa ameweka ADMINISABSENTMINDED=No, pengine akiona ni ukali mzuri. (Jina hilo maana yake ni kwamba msimamizi ni msahaulifu. Sijaona mpangilio mwingine unaotujua vizuri namna hiyo.) Ikiwa Yes, miunganisho iliyokuwepo inaendelea, na sanduku lenyewe linaruhusiwa kuanzisha mipya kwenda nje. Ikiwa No, handaki halitoki. Basi ikabidi matatu hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kisha mashua. Mchana ziwa huwa na upepo, na anayelijua ziwa hili hakimbilii mashua ya saa tisa.

Kuna wenzangu wanaosema usalama ni kufunga kabisa, faili libaki tupu. Nawauliza, unamfungia nani? Mwizi wa mtandaoni au muuguzi? Wengine wanasema andika clear, wagonjwa kwanza. Hao nawaelewa zaidi, ila kliniki hiyo ina waifai ya wageni pale wanaposubiri daktari, na ukuta ukiwa wazi kabisa simu ya mgeni yeyote inaweza kubisha mlango wa hifadhidata. Hizo ni taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa data nyeti, nayo haina kifungu cha kukusamehe kwa sababu ukuta ulikuwa umesimama.

Nilichoandika mimi ni mistari miwili:

ACCEPT eth1 $FW tcp 443
ACCEPT wg0 $FW tcp 22

Wa kwanza ni tableti za wauguzi, wa pili ni mimi kupitia handaki. Waifai ya wageni iko eth2, haimo. ADMINISABSENTMINDED ikarudi Yes, na jina la tovuti likawa anwani ya IP. Nyaraka za Shorewall zenyewe zinaonya juu ya majina hayo, lakini nani husoma?

Mtaniambia Shorewall imezeeka. Kweli, Tom Eastep aliyeiandika alitangaza kung'atuka mwaka 2019, nayo inategemea iptables wakati dunia inahamia nftables. Lakini angalia wanakohamia: huduma ya nftables katika Debian ukiisimamisha inafuta kanuni zote, basi. Wazo la kuandika sera ya wakati wa kusimama limeachwa nyuma, na kwangu hiyo ni hasara. Unaweza kulirudisha mwenyewe: tumia systemctl edit nftables, chini ya [Service] andika ExecStop= tupu kwanza, kisha ExecStop nyingine inayopakia faili lako dogo la kanuni za dharura, likianza na flush ruleset.

Halafu lijaribu ukiwa hapo hapo, kibodi mkononi. Simamisha ukuta, mwombe muuguzi afungue faili, jaribu kuingia kupitia handaki, kisha shika simu yako kwenye waifai ya wageni uone kama unakataliwa. Baada ya hapo chomoa waya wa stima, urudishe, uanze tena. Fanya asubuhi, mashua za kurudi Mbita zikiwa bado zipo.