Kipya kinyemi, kingawa kidonda: msihamishe swichi ya bunduki kabla ya kuhesabu mazoea

Haya jamani, leo tuweke kando habari za simu na programu kidogo. Nataka kuzungumzia bunduki. Usishtuke. Mimi si askari, sina leseni ya silaha na sijawahi kufyatua hata risasi moja. Mimi ni mwandishi wa programu, basi. Lakini bunduki na kompyuta zinakutana mahali pamoja ambapo nimepasomea chuoni miaka minne na kulipwa kwapo tangu nihitimu: kuna vitufe, kuna swichi, na kuna binadamu anayezibonyeza akiwa na haraka.

Kilichonichokoza ni mtindo ulioenea Marekani wa kubadilishabadilisha viungo vya AR-15. Kila kukicha kuna kipuri kipya, na kila kipuri kinasifiwa kuwa "kinaokoa muda". Ukiuliza, je, na yule aliyefanya mazoezi miaka kumi kwa bunduki ya zamani? Jibu ni lile lile ambalo sisi wa programu tunalitoa kila siku: atazoea tu.

Atazoea tu! Hili ndilo neno ninalolipinga leo.

Kwanza tuielewe bunduki yenyewe. AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiyo iliyozaa M16 na M4 za jeshi la Marekani. Swichi ya usalama iko upande wa kushoto, pale kidole gumba cha mkono wa kulia kinapofika bila kuuachilia mpini. Kitufe cha kuachilia magazini kiko kulia, kwa kidole cha shahada. Kitufe cha kuachilia bolti kiko kushoto, kwa mkono ambao umetoka tu kupachika magazini. Mpini wa kukokia uko nyuma, juu ya kitako. Mpangilio huu una zaidi ya miaka sitini. Mamilioni ya mikono imeujua gizani.

Sasa waje wabunifu. Mmoja anaongeza swichi ya usalama upande wa pili. Mwingine anafupisha mzunguko wake kutoka nyuzi 90 hadi 45. Wa tatu anauza kiwenzo kinachopitishwa ndani ya kinga ya kifyatulio, ili kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiweze kuendesha bolti bila kungoja mkono wa kushoto. Vyote vinauzwa kwa jina moja, maboresho, na hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu havifanani hata kidogo.

Chukua swichi ya nyuzi 45. Aliyezoea nyuzi 90 akiishika, kidole chake kitasukuma, kitagonga mwisho mapema, na mambo yataenda sawa. Lakini mgeuze mtu huyo. Mwache azoee 45 kwa mwaka mzima, kisha siku ya shida aokote bunduki ya mwenzake yenye 90. Kidole kitasukuma kile kipande kifupi kilichokizoea na huenda kikasimama njiani, swichi ikiwa haijafika. Kwa hiyo kwenda ni rahisi, kurudi ni hatari. Tangazo la kipuri litakueleza habari za kwenda peke yake.

Na kile kiwenzo cha bolti? Kidole ambacho kila mwalimu wa silaha amekifundisha kikae mbali na kifyatulio mpaka saa ya kufyatua, sasa kinapewa kazi nyingine mlangoni pa kifyatulio. Umeokoa sehemu ya sekunde. Umelipa kwa kuufundisha mkono kuzurura mahali ambapo ulifundishwa usizurure. Hesabu hiyo mimi siioni faida yake.

Mjomba wangu alitumikia kikosi cha usalama hapa kwetu mpaka akastaafu. Nilimweleza haya, akacheka. Akaniambia, "Mpwa wangu, sisi tulifundishwa kwa G3, baadaye tukapewa AK. Unajua kidole gumba changu kilikaa muda gani kikitafuta swichi upande wa kushoto, nayo haipo?"

Nikaenda kusoma, nikakuta jambo linalotisha kuliko alivyolieleza. Kwenye G3 ya Wajerumani, swichi iko kushoto: juu ni usalama, katikati ni risasi moja moja, chini ni mfululizo. Kwenye AK, wenzo uko kulia: juu ni usalama, katikati ni mfululizo, chini kabisa ndiyo moja moja. Mmeiona? Ile "hatua moja chini" iliyompa mtu risasi moja kwenye G3 inampa mvua ya risasi kwenye AK. Zote mbili ni bunduki nzuri, zilizojaribiwa vitani. Wala hakuna iliyokosea. Linalokosea ni wazo kwamba unaweza kumtoa mtu kwenye moja ukamtia kwenye nyingine, ukamwonyesha mara mbili, ukasema ameshafundishwa.

Mkono haufundishwi kwa kuonyeshwa. Mnamo Aprili 2021, katika mji wa Brooklyn Center, Minnesota, polisi Kim Potter, mwenye miaka 26 kazini, alipiga kelele kwamba anatumia Taser, kifaa cha kupigia mtu shoti ya umeme. Mkononi mwake ilikuwa bastola. Daunte Wright, kijana wa miaka 20, akafa. Taser ilikuwa upande mmoja wa mkanda na bastola upande mwingine, na mafunzo alikuwa nayo. Mahakama ilimtia hatiani na haki ya familia ilidai hivyo, sibishani nayo. Ninachosema kinawahusu wahandisi: chini ya hofu mdomo unasema ulichojifunza, na mkono unaweza kufanya mengine kabisa.

Sasa naomba niungame, maana nisije nikaonekana nahubiri tu.

Miaka mitatu iliyopita niliandika upya mfumo wa malipo wa sacco moja. Ule wa zamani ulikuwa na sura mbaya, rangi ya kijani, kazi yote ni kwa vitufe vya juu vya kibodi. F2 kuhifadhi, F4 kufuta. Mimi, kijana wa digrii, nikaona huo mpangilio hauna mantiki, nikaubadilisha. Nikawafundisha makarani asubuhi moja, na chai na mandazi. Wote wakasema wameelewa.

Ikaja mwisho wa mwezi. Foleni imefika nje. Karani mmoja, mama aliyefanya kazi ile miaka tisa, alikuwa akibonyeza huku akiongea na wateja, haangalii kibodi, kama alivyofanya siku zote. Alifuta malipo zaidi ya arobaini kabla ya mtu yeyote kugundua. Meneja akataka tofauti ikatwe kwenye mshahara wake. Nami nikaulizwa niandike ripoti ya chanzo. Nikaandika maneno matatu: kosa la mtumiaji.

Mama yule alinijia polepole. Hakunigombeza. Alisema, "Kijana wangu, mimi nilielewa uliyotufundisha. Lakini vidole vyangu havikuwepo kwenye yale mafunzo."

Nilirudi nikaiandika upya ile ripoti, na vitufe nikavirudisha. Lakini yale maneno matatu bado yananiuma, kwa sababu ndiyo kimbilio la kila mbunifu. Swichi ikihamishwa na askari akafyatua pale alipotaka kuzuia, ripoti itasema uzembe wa askari. Aliyehamisha swichi hatatajwa. Yeye yuko kwenye maonyesho, anauza toleo la pili.

Jambo hili si geni, wala dawa yake si geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa chini, wakidhani wanarudisha mabawa madogo ya breki. Nayo iliitwa kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akatazama ndani ya B-17 akakuta swichi mbili zinazofanana, zimekaa ubavuni kwa ubavuni. Dawa yake? Moja akaipa umbo la gurudumu, nyingine umbo la bawa. Mkono ukajua umeshika nini. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones wakachambua visa 460 vilivyoitwa makosa ya marubani, wakaonyesha kwamba vingi vilitokana na jinsi vyombo vilivyopangwa.

Tazameni uzuri wa ile dawa ya Chapanis. Swichi haikuhama. Mazoea ya rubani yalibaki mzima, yakaongezewa ulinzi. Hayo ndiyo maboresho ninayoyaheshimu.

Najua kuna watakaoniita mhafidhina. Watasema, kwa hoja hii tungekuwa bado tunapiga gobori. La hasha. Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya mashoto: karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto, na bunduki nyingi zilitengenezwa kana kwamba hayupo. Naikubali bila ubishi. Lakini angalieni, kumpa shoto swichi upande wa kulia hakuhitaji kumnyang'anya mwingine ile ya kushoto. Jeshi la Marekani lilipoanza kuzigeuza M4 zake kuwa M4A1 katika muongo wa 2010, liliweka swichi ya pande mbili. Ile ya zamani ilibaki palepale. Hata hapo kuna gharama ndogo, maana wenzo wa upande wa pili unaweza kukwaruza kidole cha shahada cha asiyeuhitaji. Gharama hiyo inalipika.

Warusi nao walipata somo lao. Mfano wa AK-12 ulioonyeshwa mwaka 2012 ulikuwa na swichi ya kidole gumba pande zote mbili. Bunduki iliyoingia jeshini mwaka 2018 ilikuwa imerudia wenzo mrefu wa kulia, ule ule wa babu yake, ukiongezewa kijukwaa kidogo cha kidole. Toleo la 2023 ndilo lililoongeza wenzo wa kushoto. Kuongeza, si kuhamisha.

Na M7 ya SIG Sauer, iliyochaguliwa na jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2022, ina mipini miwili ya kukokia: mmoja ubavuni kushoto, na mwingine nyuma, palepale ulipokuwa kwenye M4. Fundi atasema ni uzito na vipuri vya ziada. Ni kweli. Lakini askari aliyezaliwa na M4 mkononi atanyoosha mkono nyuma na ataukuta mpini.

Ila nisiyafanye mazoea kuwa mungu. Mazoea nayo huharibu. Miaka ya 1960 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikataa M16 mpaka iongezewe kitufe cha kuisukumia bolti mbele kwa mkono, kwa kuwa askari wake walizoea bunduki zilizowaruhusu kufanya hivyo. Stoner hakukitaka, na jeshi la anga likachukua yake bila hicho kitufe. Kwetu sisi, Stuart Feldman aliandika Make mwaka 1976 na kuweka sheria ya nafasi ya tabo inayotutesa mpaka leo. Alipoona ni kosa, hakuitengeneza kwa sababu tayari alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili. Kumi na wawili! Kwa kuwaonea huruma hao, mamilioni wameumia. Kwa hiyo kama mpangilio wa zamani ni mbaya kweli, ubadilishe, na ubadilishe mapema, kabla mikono haijawa mingi. Kisha lipa deni lote la mafunzo. Lote, si asubuhi moja na mandazi.

Basi kabla hujafunga kipuri kipya, au hujahamisha kitufe kwenye programu yako, jibu haya:

1. Je, mkono wenye mazoea ya zamani ukienda pale ulipozoea, utakuta nini? Kazi ile ile, pengo, au kazi iliyo kinyume? Kazi ile ile, endelea. Pengo, fikiri tena. Kinyume, acha kabisa.

2. Aliyezoea kipya ataweza kurudi kwenye cha kawaida? Mimi nimepamba kihariri changu nyumbani kwa njia za mkato za kila aina, lakini saa nane za usiku kwenye seva ya mteja ninakuta vi tupu. Bunduki utakayoiokota chini haitakuwa na kipuri chako.

3. Mazoezi mapya yatachukua saa ngapi, na nani atazilipa? Kama bajeti ina bei ya kipuri bila bei ya risasi za mazoezi, hiyo si bajeti.

4. Likitokea kosa, jina la nani litaandikwa kwenye ripoti? Kama ni la mtumiaji peke yake, wewe hujabuni kitu, umehamisha lawama.

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Sisi wa teknolojia tunakitia kidonda rangi, tunakiita toleo jipya, halafu tunamlaumu anayelia. Mama wa sacco bado yuko pale dirishani, anabonyeza F2 bila kuangalia. Nikipita ananisalimu, na kila mara ananiuliza kwa utani kama nimekuja kuhamisha kitu. Namjibu hapana, mama. Safari hii nimekuja kuuliza kwanza.