Kiingereza Hakifunzwi kwa Kicheko

Apitaye Shimanzi, penye matangi ya mafuta na malori yangojayo zamu, hukutana na Kiingereza kabla hajaamkiana na mtu. Kimeandikwa langoni, kimeandikwa kwenye maghala, kimeandikwa nyuma ya malori. Mwingereza ana maneno mawili kwa kitu kishikacho moto upesi: flammable na inflammable. Maana yake ni moja. Lakini kijana aliyekaririshwa kwamba in- mbele ya neno hukanusha, kama incorrect ilivyo kinyume cha correct, aweza kwa akili zake timamu kuamua kuwa pipa la inflammable halina hatari, akawasha sigara yake kando yake. Wenzetu wa Marekani, wataalamu wa kukinga moto, waliiona hatari hii tangu miaka ya 1920, wakahimiza herufi mbili zile za mbele ziondolewe.

Twalitaja jambo hili kwa kuwa wako wazee wetu wadhanio kuwa sarufi ya Kiingereza ni pambo la watoto wa wenye mali. La hasha! Kwa kibarua wa Shimanzi ni jambo la roho na riziki. Fomu ya kazi ni ya Kiingereza, onyo la hatari ni la Kiingereza, na bwana mkubwa akikasirika hukasirika kwa Kiingereza.

Basi hiyo sarufi hufunzwaje kwa anayeanza? Aghalabu hufunzwa kwa kicheko. Mtoto husimama akasema, "My mother he is at home." Darasa zima laangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Mtoto akaketi, na pengine hatasimama tena mwaka mzima. Walakini kosa lile si la ujinga. Kiswahili hakimuulizi mtu, kabla hajasema "yeye", kama amtajaye ni mume au mke. A- ya "anapika" ni ya baba, ni ya mama, ni ya paka pia. Lakini mtoto huyo huyo asubuhi yuko skuli na jioni yuko chuoni, na huko chuoni amekwisha ambiwa kuwa huwa ni wa kiume na hiya ni wa kike. Mwalimu wa Kiingereza hana la kufanya ila kumkumbusha: he ni huwa, she ni hiya. Dakika mbili zatosha, wala hapana haja ya kucheka.

Na kuna ile s, ambayo imewatoa jasho wengi. Mwingereza husema the boys sing, lakini the boy sings. Mtoto ameambiwa jana kwamba s ni ya wingi. Leo aiona imeruka kutoka kwa jina ikaenda kukaa kwa kitendo, na mtu ni mmoja! Mwalimu asiyejua Kiswahili vyema husema, "Ndivyo ilivyo, shika hivyo hivyo." Ajuaye husema hivi: sisi twasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, kitendo chafuata jina lake kama mtoto afuatavyo mamake. Waingereza nao walikuwa na upatanisho mwingi hapo kale. Ukapukutika karne kwa karne, ikabaki s hii moja kama jino la mzee. Mtoto wa pwani aliyezaliwa ndani ya ngeli hawezi kushindwa na jino moja.

Liko jingine ambalo limewaponza watu wazima zaidi ya watoto. Ukimuuliza Mswahili, "Hujala?" naye hajala, atajibu, "Naam," yaani, ni kweli usemayo. Sasa kijana yuko mbele ya afisa wa kazi, aulizwa kama hajapata kufanya kazi ya bandarini, swali limewekwa kwa kukanusha. Ajibu, "Yes." Yeye asema kweli sijafanya, afisa aandika kwamba amefanya. Akitakiwa barua za kazi hanazo, na hapo amekwisha kuwa mwongo na hali hakusema uongo. Ni kitabu gani cha wanaoanza kinachomwonya juu ya hili? Hata habari ya saa, kwamba eight o'clock si saa nane bali ni saa mbili, hupitwa kwa haraka, kana kwamba mtu akichelewa kazini kwa saa sita ataambiwa karibu.

Nahau si mgeni pwani. Ibn Ajurrum wa Fas, aliyefariki mwaka 1323, ametufikia hapa na kitabu chake kidogo, Ajurumia, nacho kimesomeshwa vyuoni mwetu kwa miaka mingi. Aliyekaa mbele ya sheikh wake ajua kuwa maneno yagawanyika mafungu matatu: jina, kitendo na herufi. Amjua pia Zaidi, ambaye katika mifano ya wanazuoni wa nahau hampigi mwingine ila Amri, na Amri maskini hajapata kurudisha hata kofi moja! Mtu wa namna hiyo akiingia darasa la Kiingereza si mwanzo kamwe. Ana nyumba tayari. Yataka milango tu.

Ila tahadhari. Wako waliohifadhi Ajurumia tangu mwanzo hadi mwisho, wakenda Maka kuhiji wakashindwa kuulizia njia. Kanuni isiyotanguliwa na usemi haitembei. Kwa hiyo anayeanza apewe kwanza sentensi ya kutumia leo: naomba maji, lori limefika, mzigo umepungua. Kanuni ifuate nyuma, fupi, kwa Kiswahili.

Watatuambia: haya yawezekana kwa watoto 10, si kwa 60. Ni kweli kuwa tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia skuli nchini kwa mara moja, na madarasa hayakuongezeka kwa kiasi hicho. Lakini atazame chuo. Chumba kimoja, mmoja ashika alifu, mwingine yumo katika juzuu amma, wa tatu amekaribia kuhitimu. Mwalimu ni mmoja. Humsikiliza huyu, akamwita yule, na wakubwa huwasomesha wadogo. Makelele yapo, lakini ni makelele ya kazi. Mskochi mmoja, Andrew Bell, alipokuwa na skuli ya mayatima huko Madras, Bara Hindi, miaka ya 1790, aliwaona watoto wa huko wakijifunza kuandika juu ya mchanga. Akaanza kuwatumia wanafunzi kuwasomesha wenzao, na Uingereza nzima ikaja kuiga. Sisi tulicho nacho mlangoni twakiona cha kizamani.

Basi wanafunzi 60 wawe jozi 30, kila aliyetangulia na aliyechelewa, waulizane na kujibizana huku mwalimu akizunguka. Watasema zaidi kwa robo saa kuliko watakavyosema mwezi mzima wakiitikia kwa pamoja. Fimbo isitajwe, imepigwa marufuku mashuleni tangu 2001. Na kile kibao alichovishwa mtoto shingoni kwa kusema lugha ya mamake, alichokieleza Ngũgĩ wa Thiong'o katika kitabu chake cha 1986, kisidhaniwe kuwa kimekufa. Ziko skuli ambamo kimegeuka kuwa faini tu.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikarekebisha: miaka ya mwanzo mtoto afunzwe kwa lugha ya mahali alipo. Mahali alipo mtoto wa Mombasa ni Kiswahili, na Katiba ya 2010 imekipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Miaka ya 1980 Bi Swafiya Said, hapa hapa Mombasa, aliungana na wenzake kuonyesha kuwa chekechea yaweza kukaa ndani ya madrasa, Kurani na hesabu zikasomeshwa bila ya kugombana. Mfano huo ukafika Unguja na Uganda.

Chekechea sasa ni mzigo wa serikali za kaunti. Twauliza basi: mwalimu aajiriwapo Mombasa, hujaribiwa kama aweza kumweleza mtoto he na she kwa Kiswahili, au huangaliwa tu jinsi anavyoviringa ulimi? Na kwa kamati za madrasa zilizo jirani ya Shimanzi tuna ombi. Vyumba vyenu huwa vitupu baada ya Isha. Wakati huo vibarua wamekwisha oga na kula, na ubao upo ukutani.