KITANDA ANGANI: MAMA HATAKI MLANGO!

Wiki hii tunakwea pipa. Tena siyo kule nyuma kwa sisi walalahoi, ni kule mbele, ng'ambo ya pazia, ambako wengi wetu tunapachungulia tu tukiwa tunapita na mabegi.

Sababu ninayo. Kaka yangu yuko New Jersey, Marekani, mwaka wa tisa huu, na watoto wake wawili wanamjua bibi yao kwa sura ya kwenye simu tu. Mama ana miaka 71. Goti la kulia limechoka, na miguu inavimba hata kwa basi la Dar hadi Moshi. Kaka na shemeji wakajichanga wakasema, "Mkatieni daraja la biashara, Mama alale." Kazi ya kuchagua ndege nikatupiwa mimi, eti ndiye mwandishi. Wiki mbili nimekuwa mgeni wa kudumu kwa wakala wa tiketi pale Samora, mpaka mlinzi ananiita mjomba.

Kwanza tuelewane. Watu wakisikia daraja la biashara wanawaza shampeni na kitambaa cheupe mezani. Hayo ni mapambo, bwana. Kinachouzwa pale ni kulala. Kule nyuma, kutoka kiti chako hadi kiti cha mbele yako ni sentimita 79 hivi, na humo ndimo unamokunjwa saa 14. Miguu ikining'inia muda wote huo damu inatuama, ndiyo maana madaktari wanahimiza abiria ainuke atembee. Kwa mtu wa umri wa Mama hilo si jambo la maringo.

Na kitanda chenyewe siyo cha zamani. Miaka ya 1990 ukilipia daraja la biashara ulipewa kiti kipana kinachoegemea nyuma, basi. British Airways ndio walioingiza kitanda bapa kabisa katika daraja hilo, mwaka 2000. Wengine wakaja na kitanda cha mteremko, unalala huku unaserereka taratibu kuelekea miguuni mpaka kunakucha.

Sasa twende kwenye ndege zenyewe. Washikaji wote niliowauliza walijibu neno moja: Emirates! Ukiwauliza kwa nini, wanasema bafu. Kweli, Airbus A380 zao, walizoanza kurusha 2008, zina bafu mbili na baa ghorofa ya juu. Lakini bafu ni la daraja la kwanza, na maji unapimiwa dakika tano. Wa daraja la biashara anaishia baa. Mama yangu na baa wapi na wapi? Isitoshe, A380 haiji Dar. Huku tunaletewa Boeing 777, na zile ambazo hazijakarabatiwa zimepanga daraja la biashara viti viwili, vitatu, viwili. Vitatu, msomaji! Ulipe hela ya kiwanja halafu ubanwe katikati kama uko kwenye Hiace? Ukarabati wa kuondoa hicho kiti cha katikati umeanza kuonekana 2024, kwa hiyo ukikata tiketi usiulize jina la shirika tu, uliza ni ndege gani na viti vimepangwaje.

Qatar Airways ndio walionitoa macho. Tangu 2017 wana kitu kinaitwa Qsuite. Kila abiria ana kijichumba chake, na mlango wa kusukuma unajifungia. Viti viwili vya katikati vinaweza kuunganishwa vikawa kitanda cha watu wawili, na familia ya watu wanne inaweza kutengenezewa baraza, wakala wakitazamana angani. Hakuna anayemruka mwenzake kwenda msalani. Si ndege zao zote zinazo, lakini kwa mimi ninavyopenda raha, pale ningemaliza kazi. Kaka naye akasema hapohapo, chukua.

Nikampelekea Mama picha. Akatazama kimya, kisha akaniuliza, "Huyu kajifungia humo, akizidiwa nani atamwona?"

Nikamwambia kuna kengele. "Akija huyo wa kengele, namwambia kwa lugha gani?"

Hapo nikakaa chini. Mama Kiingereza chake ni "thenki yu" na "gudi moningi".

Ndipo nikarudi Samora kuulizia Kenya Airways. Tangu Oktoba 2018 wanatoka Nairobi hadi New York bila kutua popote, saa 15 hivi kwenda na 14 kurudi, kwa Boeing 787. Mbele kuna viti 30, viwili viwili viwili, vinalala bapa kabisa. Mlango hakuna. Wa dirishani lazima amruke jirani yake akitaka kutoka, na kwa goti la Mama hilo haliwezekani. Lakini ile jozi ya katikati, kila mmoja ana njia upande wake. Na wahudumu ni Wakenya. Mama atasema "mwanangu, miguu inaniuma" na ataeleweka bila mkalimani.

Tiketi imekatwa Jumanne, jozi ya katikati. Nimeombea na kiti cha magurudumu Dar, Nairobi na New York. Hicho hakilipiwi hata kwa abiria wa nyuma kabisa, kinaombwa mapema tu, na ninashangaa jinsi wazee wetu wengi wanavyotembezwa kilomita nzima uwanjani kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kaka bado amenuna kwa ajili ya mlango wake. Mama yeye ameshaanza kuuliza kama jirani wa kiti cha pili atakuwa mtu wa maongezi.