Ukivua viatu, sebule isihame!

Wiki hii tunaingia kwenye yale mambo ambayo watu wanayanong'ona pembeni, lakini ana kwa ana hakuna anayethubutu kukwambia. Leo ni zamu ya miguu. Ndiyo, miguu! Usijifanye huelewi, na wala usimwangalie mwenzako.

Hebu fikiria. Umepigilia suruali ya nguvu, nywele umechonga, marashi umejipulizia mpaka daladala nzima imejua umepanda. Umekaribishwa nyumbani kwa kina mchumba kwa mara ya kwanza. Unafika barazani unakuta viatu vimepangwa mstari, na ndani mkeka umetandikwa. Kwetu huku, hasa Pwani, hilo halina mjadala: viatu unavua. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Mama mkwe mtarajiwa anakwambia "karibu baba, jisikie nyumbani," huku upande wa kanga umeshafika puani.

Tunacheka, lakini wapo vijana ambao siku za kazi hawaingii tena msikitini, wanaswali peke yao stoo, kwa sababu hii tu. Wapo wanaofika kwa marafiki wakaishia mlangoni: "Nina haraka shemeji, tuongee hapahapa nje." Mtu anajitenga na watu wake kwa ajili ya jozi moja ya raba. Na ajabu ni kwamba dawa yenyewe, kwa wengi wetu, iko jikoni.

Kwanza lakini tuelewane jambo moja. Jasho la mguu lenyewe halinuki. Ni maji na chumvi kidogo. Tatizo ni kwamba nyayo na viganja ndizo sehemu zenye tezi za jasho zilizobanana kuliko mahali pengine mwilini, mamia kwa kila sentimita ya mraba. Kiganja kinapata hewa kutwa nzima. Unyayo wewe umeufungia kwenye soksi ya nailoni, ukaubana kwenye kiatu cha plastiki, ukapanda nao gari lililojaa saa nane mchana. Humo ndani kuna joto, kuna giza, kuna maji, na kuna ngozi iliyolainika inayobanduka kidogo kidogo. Vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu, awe msafi awe mchafu, vinaona harusi imefika. Vinakula ile ngozi na vitu vilivyomo kwenye jasho, na makombo yao ndiyo yanayonuka. Moja ya makombo hayo ni tindikali iitwayo isovaleriki. Ndiyo inayoleta ile harufu ya maziwa yaliyochacha au jibini la zamani.

Sasa ukishajua hivyo, utaona kwa nini kupulizia marashi ndani ya kiatu ni kujisumbua. Unapata jibini lenye marashi, basi. Unachotakiwa kufanya ni vitu viwili: kukausha na kuivunja nguvu ile tindikali. Hapo ndipo unga unapoingia.

Wa kwanza, na kwangu mimi ndiye bingwa, ni beking soda. Kazi yake si ya kichawi. Ile tindikali inanuka kwa sababu inaruka hewani na kufika puani. Ikikutana na beking soda inageuka kuwa chumvi, na chumvi hairuki. Pua haipati kitu. Usiku ukivua kiatu, toa kile kitambaa au soli ya ndani kama inatoka, kisha nyunyizia kijiko kimoja cha chakula katika kila kiatu, ukitingishe ifike mpaka kwenye vidole. Acha mpaka asubuhi. Kisha kung'uta vizuri, na tafadhali ukung'utie nje, si juu ya kitanda cha mwenzako. Kama kiatu ni cha ngozi usimwage unga moja kwa moja, maana unakausha ngozi na kuacha madoa meupe. Mimina kwenye soksi safi iliyochoka, funga fundo, tumbukiza ndani.

Hapa naomba tusikilizane vizuri kwa sababu watu wanachanganya mambo. Beking soda si beking pauda. Beking pauda imechanganywa na tindikali yake yenyewe na wanga ili keki iumuke, kwa hiyo nguvu unayoitafuta imeshagawanywa. Hamira ndiyo kabisa usijaribu, hiyo ni vijidudu hai, utakuwa umeongeza wageni kwenye sherehe. Na magadi, yale tunayotia kwenye maharage na makande, hayo ni makali. Magadi ya Ziwa Natron, au ya Ziwa Magadi kule Kenya, kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu, ambayo ukali wake unaizidi sana beking soda. Ukiyapaka mguuni ukavaa soksi ukatokwa jasho, utababuka. Muuzaji akikwambia "ni kitu kilekile bwana," nenda duka la pili.

Ukitoka kwenye kiatu, twende kwenye mguu wenyewe. Hapa anayefaa ni wanga wa mahindi, yaani konflawa, ule unga mweupe laini wa kuongezea mchuzi uzito. Huo hauui chochote, kazi yake ni kunywa maji na kufanya ngozi isisuguane. Chukua vijiko vitatu vya konflawa kwa kijiko kimoja cha beking soda, changanya kwenye kopo kavu lenye kifuniko, na asubuhi pakaa kidogo tu chini ya unyayo na katikati ya vidole. Nasema kidogo tu. Kuna masela wanamimina nusu kikombe halafu wanashangaa. Unga na jasho na joto, ndugu yangu, unajua vinatoa nini? Uji! Saa sita mchana unatembea na uji kwenye kiatu. Ukimaliza kupaka, mguu uonekane kama umepita kwenye vumbi, usionekane kama umeandaliwa kukaangwa.

Sharti la pili ni kwamba mguu uwe mkavu kabisa. Osha kwa sabuni, sugua katikati ya vidole, na usiishie kumwagia maji juu juu kama unaosha baiskeli, halafu futa kila uwazi wa kidole kwa taulo. Ukipaka unga juu ya mguu mbichi umepoteza muda. Na kama ngozi ina mchubuko au malengelenge, beking soda itakuchoma, achana nayo mpaka upone.

Unga wa ugali wa kawaida? Ni mkwaruzo tu, hauna ulaini. Wa makopa? Bwana wee, ule wenyewe una harufu yake.

Na zile poda za dukani? Soma kopo kwanza. Nyingi za zamani zilikuwa za talki, ambayo ni jiwe lililosagwa. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda yake ya watoto yenye talki dunia nzima mwaka 2023, ikabaki na ile ya wanga wa mahindi. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likaiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani. Sisemi uliyopaka utotoni itakuua. Nasema kama konflawa inafanya kazi ileile, hela ya nini?

Sasa shabu. Wale wa zamani wanaijua, ni lile jiwe jeupe kama barafu ambalo kinyozi alikuwa akikupitishia kidevuni baada ya wembe. Wauza dawa za asili wanalo na bei yake haiumizi. Shabu inakaza ngozi na vijidudu haviipendi. Wanaopenda kuipaka kwapani wanajua kazi yake. Kwa miguu, isage iwe unga laini kabisa, yeyusha kijiko kimoja cha chai kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, loweka miguu kama robo saa jioni, kisha kausha. Usiipake kavu nyingi kwenye kiatu, chembe zake zinakwaruza. Kama ngozi inawasha baada ya shabu, acha, si kila ngozi inaelewana nayo.

Karafuu nayo isisahaulike, na hapa Wapemba watanisamehe kwa kuichelewesha. Ndani ya karafuu kuna mafuta yaitwayo eujinoli, ambayo yananukia na pia yanasumbua vijidudu. Lakini unga wa karafuu usiupake mguuni. Unawasha, na soksi nyeupe utaitoa ikiwa ya kahawia. Twanga karafuu chache, changanya na ile beking soda ya kwenye soksi inayolala ndani ya kiatu. Asubuhi kiatu kitanukia pilau, na pilau haijawahi kumfukuza mgeni. Mkaa vilevile unasaidia kunyonya harufu na unyevu. Vipande viwili vitatu vya mkaa mkavu kwenye kitambaa, si unga wake, maana vumbi la mkaa kwenye zulia la watu ni soo lingine.

Wenye kazi za mabuti, walinzi, mafundi, makondakta wa kusimama kutwa, nyie ndio hasa nawalenga. Vitabu vinasema kiatu kipumzike siku nzima kabla ya kuvaliwa tena, uwe na jozi mbili za kupokezana. Ushauri mzuri, ila hauna mshahara ndani yake. Mwenye jozi moja afanye hivi: akifika nyumbani tu, afungue kamba zote, avute ulimi wa kiatu nje, ajaze magazeti makavu yaliyokunjwakunjwa. Gazeti linanyonya maji vizuri mno, hata hili ukishalimaliza, ruksa. Baada ya saa moja au mbili toa karatasi, weka unga, laza kiatu mahali penye hewa. Wakati wa masika pale Dar, hewa yenyewe ikiwa imelowa, gazeti libadilishe mara mbili. Soksi ni kila siku safi, na uzifue ukiwa umezigeuza ndani nje, kwa sababu uchafu wenyewe uko ndani.

Wale wa viatu vya mitumba, wa Karume na kwingineko, mjue kwamba umenunua kiatu pamoja na historia ya mguu wa mtu. Kabla hujakivaa kitoe soli ya ndani uitupe, weka mpya. Futa ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kianike mpaka kikauke kabisa, ndipo ukilaze na beking soda usiku mbili tatu mfululizo. Ukikivaa siku ileile ya kununua, harufu ya mwenye nacho wa kwanza inakuwa yako kisheria.

Na kama bado unaona haya ni mambo ya urembo tu, sikia hii. Mtafiti Mholanzi Bart Knols, aliyewahi kufanya kazi Ifakara, aligundua na wenzake miaka ya 1990 kwamba mbu aina ya Anopheles gambiae, huyu wetu wa malaria, anapenda kuuma miguuni na kwenye vifundo, na kwamba anavutwa na jibini la Limburger, ambalo vijidudu vyake ni ndugu wa vile vya katikati ya vidole vyetu. Mwaka 2006 kazi hiyo ilipewa zawadi ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mwaka 2011 Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara akapata fedha za kuendeleza mitego ya mbu inayotumia harufu kama ya mguu. Kwa hiyo harufu yako ina wapenzi, tena wengi. Ila usije ukadhani ukiosha miguu umepona malaria. Walipoosha miguu, mbu walihamia sehemu nyingine za mwili. Chandarua kibaki palepale.

Mwisho kuna miguu ambayo unga hauiwezi. Ukiona ngozi kati ya vidole, hasa kile kidogo na jirani yake, imekuwa nyeupe, imelowa, inapasuka na kuwasha, hizo ni fangasi. Zinataka krimu ya fangasi ya famasi kama klotrimazoli, na uipake kwa wiki zote ulizoandikiwa, si siku mbili kisha unaweka kabatini kwa sababu muwasho umeacha. Ukiona vishimo vidogovidogo kwenye unyayo kama umetobolewa kwa sindano, na harufu haisikii dawa wala sabuni, hao ni vijidudu wamechimba ngozi ya juu. Daktari atakuandikia dawa yao, wala si ugonjwa wa aibu. Na mwenye kisukari asijilowekee shabu wala kujipaka kitu chochote cha jikoni kabla ya kuongea na wanaomtibu, kidonda kidogo cha mguu kwake si kidogo.

Haya, kopo la konflawa na beking soda liandike jina kwa kalamu ya wino mkubwa, lisije likaishia kwenye mchuzi wa shemeji. Ijumaa ijayo tunahamia kwapani!